Mti Uliokutwa: Uhakiki wa Dhana ya Mahali katika Masimulizi ya Miti Mikubwa ya Nachingwea na Ruangwa

Tangu Mulokozi alipochapisha makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi katika Mulika Na. 21 mwaka 1989, tasnifu nyingi za fasihi simulizi zilizoandikwa kwa Kiswahili zimeyarudia mambo sita aliyoyaona kuwa yanaingiliana katika utendaji: fanani, hadhira, fani inayotendwa, tukio, mahali na wakati. Kuyarudia si kosa. Kosa ni kwamba, baada ya kutajwa, jambo la tano huachwa palepale kwenye orodha. Fanani huchambuliwa kwa umri, jinsi na uhodari. Hadhira huchambuliwa kwa namna inavyoitikia. Wakati huchambuliwa kwa misimu na saa za kusimulia. Mahali hupewa ramani ya wilaya, idadi ya tarafa na kata, na sentensi mbili kuhusu mvua na zao la korosho. Katika ngano za sungura na fisi upungufu huo hauleti hasara kubwa, kwa sababu sungura hana kijiji. Katika masimulizi ya miti mikubwa hasara ni kubwa, na wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zinaionyesha kwa uwazi.

Hoja inayojengwa hapa ni kwamba katika masimulizi ya aina hii mti si mandhari ya hadithi wala si ishara tu. Mti ni sehemu ya matini. Kwa maneno mengine, masimulizi yaliyonukuliwa bila mti ni matini pungufu, kama vile wimbo ulionukuliwa maneno tu bila kiitikio. Mhakiki anayechambua nakala hiyo pungufu kisha akaliita simulizi "kisasili" au "ngano" huwa ametoa hukumu kuhusu utanzu kwa kutumia ushahidi alioukata yeye mwenyewe.

Katika uainishaji huo wa Mulokozi, hadithi za kubuni hutengwa na salua, yaani masimulizi yanayochukuliwa na wenyewe kuwa yanahusu mambo yaliyotokea: visakale, mapisi, tarihi, kumbukumbu. Tofauti hii haimo katika fani ya maneno. Kisakale na ngano vinaweza kutumia wahusika wa aina moja, maajabu ya aina moja na hata mianzo inayofanana. Tofauti imo katika dai la ukweli, na dai hilo linahitaji dhamana. Msimulizi wa tarihi ya ukoo huweka dhamana ya majina yaliyopangika. Msimulizi wa kisakale cha mti huweka dhamana ya mti wenyewe. Hunyoosha kidole. Husema "huu hapa", na hadhira hugeuka kuutazama.

Vionyeshi vya Kiswahili vinastahili kutazamwa kwa makini katika hatua hii. "Mti huu" husemwa msimulizi akiwa chini yake. "Mti ule" husemwa akiwa uani kwake huku mti ukionekana, au angalau ukifahamika, upande wa pili wa mashamba. "Pale palipokuwa na mti" husemwa mti ukiwa umekwisha kuanguka. Masimulizi ni yaleyale na maneno yaliyobadilika ni mawili au matatu, lakini dai la ukweli limeshuka hatua kwa hatua. Katika kauli ya kwanza hadhira ni shahidi. Katika ya pili inajua kwamba ingeweza kwenda kushuhudia. Katika ya tatu inabaki na imani kwa msimulizi tu. Kizazi kisichowahi kuuona mti hupokea kisakale kikiwa kimekaribia sana kuwa ngano. Kinachofanya kisakale kigeuke ngano si lazima kiwe usahaulifu wa wazee, kama inavyodaiwa kwa wepesi katika sura za "utangulizi wa tatizo la utafiti". Wakati mwingine ni shoka.

Kuna kitenzi kimoja ambacho uhakiki wa masimulizi haya umekipita bila kukisalimu, nacho ni "-kuta". Mzee akiulizwa umri wa mbuyu ulio karibu na kwake hataji hesabu ya miaka. Husema aliukuta, akisisitizwa, husema hata babu yake aliukuta. Tafsiri iliyozoeleka ya jibu hili ni kwamba mzee hajui, na kwamba ni wajibu wa mtafiti kumsaidia kwa kukadiria. Hivyo "babu aliukuta" hugeuzwa kuwa "mti unaokadiriwa kuwa na umri wa miaka 300", na kadirio hilo lisilo na chanzo husafiri kutoka tasnifu moja hadi nyingine. Kwa kweli jibu la mzee ni sahihi kuliko kadirio hilo. Kukuta ni kushuhudia uwepo bila kudai kushuhudia mwanzo. Msimulizi anatoa mpaka wa elimu yake na kusimama hapo; kisha anamtaja shahidi mwingine, babu, naye anasimamishwa kwenye mpaka wake. Huo ni mnyororo wa mapokezi, wenye nidhamu ya mnyororo wowote wa mapokezi unaoheshimika. Mtafiti anayeubadilisha kwa namba hajaongeza usahihi; ameuondoa.

Tahadhari hiyo inaungwa mkono na sayansi ya miti yenyewe. Unene si umri. Mbuyu ulio katika misheni ya Wakatoliki mjini Bagamoyo ni mnene kiasi cha kumfanya mgeni afikirie karne nyingi, lakini ulipandwa mwaka 1868. Kinyume chake, mpingo, ambao misitu ya Lindi ni miongoni mwa makazi yake makuu, huchukua takriban miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na hata hapo mtu mmoja huweza kuukumbatia. Kwa hiyo katika msitu mmoja mti mwembamba unaweza kuwa mkubwa wa mti mnene kwa umri. Urefu nao ni jambo la tatu: mti mrefu kuliko yote iliyopimwa barani Afrika, wenye mita 81.5, umo katika bonde la Kilimanjaro, nao si mbuyu. Kuhusu mibuyu, Michel Adanson aliyeiona Senegali katika karne ya 18 alikadiria umri wa zaidi ya miaka 5,000, na makadirio ya aina hiyo yaliendelea kurudiwa mpaka vipimo vya radiokaboni vilipoyasahihisha. Kundi la watafiti lililoongozwa na Adrian Patrut liliripoti mwaka 2018 kwamba mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ulikuwa umefikia miaka 2,450 hivi kabla ya kufa, na kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe zaidi waliyoichunguza, 9 ilikuwa imekufa, au sehemu zake kongwe zimekufa, katika muda wa miaka 12 tu. Mbuyu hauhesabiki kwa pete zake kirahisi, kwa sababu huota mashina kadhaa yanayoungana na mara nyingi huwa na uwazi ndani. Mtaalamu mwenye maabara hujihadhari. Mtafiti wa fasihi mwenye daftari na kinasa sauti ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Mbuyu huohuo wa Bagamoyo unatoa fundisho la pili, nalo ni la kihakiki moja kwa moja. Shina lake limeumeza mnyororo wa chuma. Wageni wengi wanaoujua mji huo kwa historia yake ya utumwa huuona mnyororo na kuusoma mara moja kuwa ni wa watumwa. Kwa mujibu wa maelezo ya misheni, mnyororo ulifungwa mwaka 1895 na Madame Chevalier, kwa ajili ya punda wake. Wasomaji hao hawakukosea kuhusu historia ya mji. Walikosea kuhusu matini iliyokuwa mbele yao, kwa kuwa waliisoma alama kabla ya kumsikiliza msimulizi. Kosa lao hurudiwa na mhakiki anayeingia Ruangwa akiwa na orodha ya ishara mkononi, ambamo mbuyu tayari "unaashiria uzima wa milele", kisha akatafuta masimulizi ya kuthibitisha.

Orodha hiyo ya ishara hushindwa vibaya zaidi inapofika kwenye matambiko. Ingetarajiwa, kwa mantiki ya ukubwa, kwamba mti wa kutambikia uwe ule mkubwa kuliko yote. Kwa Wayao na Wamakua, ambao ni miongoni mwa jamii za ukanda huu pamoja na Wamwera, Wamakonde na Wangindo, sivyo. Mti unaojulikana kwa ibada ya kumimina unga kwa ajili ya wahenga ni ule ambao Wayao huuita msolo na Wamakua huuita mutholo. Ni mti wa miombo wa kimo cha kawaida, ambao mpita njia asiyeambiwa hataugeukia. Hauna unene wa kusimulika wala uwazi wa kujificha mtu. Kinachoupa uzito ni tendo na neno: unga unaowekwa shinani na majina yanayotajwa. Mhakiki aliyezoea kuanza na umbo la kitu, ndipo aelekee kwenye maana yake, hapa analazimika kugeuza mwendo. Jambo hili linatia shaka hata kichwa cha mada kinachopendwa katika maombi ya utafiti, "miti mikubwa na imani za jamii". Ukubwa ni kigezo cha mtazamaji. Jamii inaweza kuwa na kigezo chake kingine, na mara nyingi inacho.

Pamoja na hayo, ukubwa una historia yake Nachingwea, na historia hiyo ina tarehe. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga, ikilenga kufyeka na kulima ekari 3,210,000, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika. Katika mpango wa awali wa mashamba makubwa 107, mashamba 55 yalipangiwa Jimbo la Kusini, na Nachingwea ndiyo iliyokuwa kitovu chake. Reli ilijengwa kutoka pwani, bandari ya Mtwara ikachimbwa, matingatinga yakaletwa, na minyororo mizito ya meli ikafungwa kati ya matrekta mawili ili iangushe miti kwa mkupuo. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ulitangazwa kuwa umeshindwa, baada ya kugharimu takriban pauni milioni 36. Reli nayo iling'olewa katika muongo uliofuata. Imebaki kata ya Nachingwea inayoitwa Stesheni, bila treni.

Maandishi ya Kiingereza kuhusu mpango huo, kuanzia kitabu cha Alan Wood cha mwaka 1950, yana mkondo mmoja wa kifani unaotambulika, nao ni ucheshi. Mbuyu huingia humo kama mhusika wa vichekesho. Masimulizi ya Kongwa yaliyorudiwa mara nyingi hutaja mbuyu uliokuwa jela, mwingine uliokuwa mahali pa ibada ya wahenga, na mingine iliyojaa nyuki waliowakimbiza madereva wa matingatinga. Kila kimoja cha vitu hivyo kinatajwa kama kikwazo cha kuchekesha kwa mashine. Msomaji hucheka, na akiisha kucheka amekwisha kupokea, bila kuhojiwa, mtazamo wa dereva aliyeketi juu ya tingatinga. Jela ni taasisi. Mahali pa ibada ni taasisi. Mzinga wa nyuki ni mali. Mibuyu mitatu ile ilikuwa mahakama, hekalu na ghala, na ucheshi umeviunganisha vyote kuwa "tabia za ajabu za mti wa Kiafrika". Ni jambo la kusikitisha kwamba baadhi ya tasnifu za Kiswahili zimeutafsiri ucheshi huo karibu neno kwa neno na kuuita usuli wa kihistoria.

Kinachoonekana zaidi kwa mhakiki wa fasihi simulizi ni namna mpango ulivyobadilisha utaratibu wa kutaja mahali. Kiswahili hutaja mahali kwa mti kwa urahisi mkubwa: Mbuyuni, Mkwajuni, Mvuleni. Kiambishi "-ni" kikishaongezwa, mti umekuwa anwani. Nachingwea ina kata ya Mnero Miembeni, na jina hilo limebeba salua fupi kuliko zote: hapa palikuwa na miembe, na miembe haikujiotea, ilipandwa na mtu. Mpango wa Karanga ulileta namba. Ardhi iliyofyekwa iligawanywa mashamba yenye nambari, na mojawapo, Farm 17, imebaki na jina hilo hata baada ya kuwa kambi ya mafunzo ya wapiganaji wa FRELIMO katika miaka ya 1960 na 1970. Namba hiyo imepata utukufu wake na haina haja ya kuonewa haya. Lakini kifasihi ni jina lisilo na "-ni". Halimwambii msikilizaji kilichokutwa pale.

Pigo la pili kwa mahali halikuwa la shoka, na huenda ndiyo maana limezungumzwa kwa nadra. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilihamisha watu, haikuhamisha miti. Fanani na hadhira walikusanywa kando ya barabara. Mibuyu, mikwaju na miembe ilibaki kwenye mahame. Neno "mahame" lenyewe linafaa kuwa istilahi ya uhakiki huu. Hame ni mahali palipobaki na kila kitu isipokuwa wasemaji. Mwembe uliokomaa katikati ya kichaka humwambia mpita njia kwamba palikuwa na uwa, lakini haumwambii wa nani. Kwa kipimo cha vionyeshi kilichotajwa awali, uhamisho ule uligeuza "huu" kuwa "ule" kwa maelfu ya watu kwa wakati mmoja, bila mti hata mmoja kuanguka. Nadharia ya utendaji, inayopenda kusema kwamba masimulizi huishi katika uhusiano wa fanani na hadhira, haina jibu rahisi kwa hali ambayo wawili hao walihama pamoja, wakiwa wazima, na masimulizi bado yakapungua nguvu. Jibu limo katika jambo la tano la Mulokozi.

Semi zina uhusiano tofauti na mti, na tofauti hiyo inaimarisha hoja. "Hata mbuyu ulianza kama mchicha" hufafanuliwa karibu kila mahali kama wito wa subira. Ufafanuzi huo unatosha kwa darasa la sekondari. Kinachopaswa kuongezwa ni kwamba methali hii inadai kitu ambacho salua hujizuia kukidai: inazungumzia mwanzo wa mbuyu, ambao hakuna aliyeuona. Hiyo "hata" ya mwanzoni ni ya mtu anayebishana na macho ya wasikilizaji wake. Methali inaweza kuthubutu kwa sababu haihusu mbuyu wowote mahsusi. Haina kidole kinachonyooshwa. Vivyo hivyo "kuzunguka mbuyu", kwa maana ya kutoa au kupokea rushwa, hautaki mbuyu wa Nachingwea wala wa Bagamoyo. Unataka unene tu, wa kuwaficha wawili wasionekane. Semi husafiri kwa kuuacha mti nyuma. Hata sarufi inaonekana kushirikiana nazo katika kuupunguza: nomino nyingi hukuzwa kwa kudondoshewa kiambishi chake, lakini mbuyu ukidondoshewa "m-" hauwi mbuyu mkubwa zaidi, unakuwa buyu, tunda lake.

Katika fasihi andishi, mfano ulio karibu ni tamthilia ya Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa katika mkoa huohuo wa Lindi. Vijana wawili, Juma na Kitaru, hucheza mchezo wa shetani na binadamu penye mbuyu. Wahakiki wamejadiliana kwa muda mrefu kama shetani yule ni ukoloni, ukoloni mamboleo au tabaka jipya. Mbuyu wenyewe umepewa nafasi ndogo katika mjadala huo, ingawa jukwaani ndio unaoleta ugumu: mwigizaji lazima aishawishi hadhira kwamba upo. Msimulizi wa Ruangwa hana kazi hiyo. Anayo nyingine, nzito zaidi, ya kuwashawishi wanaouona mti kwamba ni zaidi ya wanachokiona. Kuzipima kazi hizi mbili kwa istilahi moja ya "matumizi ya ishara" ni kuzipunja zote mbili.

Suala hili lina uharaka ambao si wa kitaaluma pekee. Ardhi ya Ruangwa ina madini ya kinywe, na leseni za uchimbaji zimegusa maeneo ya vijiji kama Matambarale. Sheria za ardhi za mwaka 1999 hulipa fidia kwa maendelezo yaliyofanywa na mtu: nyumba, mikorosho, miembe. Kaburi nalo lina sheria yake ya uhamishaji, ya mwaka 1969. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa kipimo chake cha msingi, hutazama vitu vilivyofanywa na mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Mbuyu uliojiotea haukupandwa, haukuzikwa, haukuchongwa. Unapita katikati ya sheria zote tatu. Mthamini anayehesabu mikorosho ya mwenye shamba hatendi dhuluma kwa kuuruka mbuyu. Fomu aliyonayo haina safu ya kitu kilichokutwa.

Kwa sababu hiyo, namna masimulizi haya yanavyonukuliwa si suala la mtindo wa uandishi tu. Mwanakijiji anayetaka kuonyesha kwamba mti fulani ni mahali pa kumbukumbu ya ukoo atahitaji maandishi, na tasnifu iliyo katika hifadhi ya chuo kikuu ni miongoni mwa maandishi machache atakayoweza kuyataja. Akikuta humo simulizi lililowekwa chini ya kichwa "Ngano", bila jina la kitongoji, bila kionyeshi, na likiwa na umri wa miaka 300 usio na mpokezi, tasnifu hiyo itakuwa ushahidi dhidi yake. Unukuzi unaofaa ungeonyesha msimulizi alikuwa umbali gani na mti. Alitumia "huu", "ule" au "pale palipokuwa". Alimtaja nani kuwa aliukuta. Na wasikilizaji waligeuka kuutazama au la. Mambo hayo manne hayazidi mistari miwili katika kiambatisho. Katika nakala nyingi zilizopo, mahali ambapo msimulizi alinyoosha kidole pamewekwa nukta tatu.